Ripoti ya mhasibu na memori ya seva

Watengenezaji wengi wa mifumo ya sacco na vyama vya ushirika, kuanzia Kisumu hadi Nakuru, hutoa ripoti za Excel kwa openpyxl, maktaba ya lugha ya Python ya kuandika faili za Excel. Ukiwatajia write_only, ile njia yake ya kuandika faili mstari kwa mstari, wanakujibu: memori siku hizi ni ya bei rahisi, ongeza tu.

Jibu hilo lina mashiko. Kwa njia ya kawaida laha nzima iko kwenye memori. Unarekebisha seli yoyote na kuhifadhi upendavyo. Kwa write_only unashuka tu kwa append(), amri ya kuongeza mstari chini ya uliotangulia; mstari uliopita umepita, na faili huhifadhiwa mara moja. Hata kugandisha vichwa lazima kutangulie data, maana xlsx, yaani faili ya Excel, ni maandishi ya XML yaliyobanwa ndani ya zip, na mipangilio hiyo huandikwa kabla ya seli. Kwa risiti ya mistari 200, sioni sababu ya kujisumbua.

Ila hiyo "ongeza tu" haijapigiwa hesabu. Nyaraka za openpyxl zenyewe zinakadiria memori mara 50 ya ukubwa wa faili: Excel ya megabaiti 50 hula gigabaiti 2.5. Kwa write_only, zinasema, hubaki chini ya megabaiti 10. Na mara 50 hiyo ni ya ripoti moja! Chukua chama cha maziwa chenye seva ya memori ya gigabaiti 4 na ripoti ya ukubwa huo wa megabaiti 50. Mwisho wa mwezi mhasibu anabofya, ukurasa unazunguka, anabofya tena: gigabaiti 5 hizo. Linux, mfumo unaoendesha seva, ikiishiwa memori huua programu, na kwa kawaida huanza na inayokula nyingi, iwe na kosa au isiwe nalo. Leo itakufa ripoti. Siku ripoti zikiwa ndogo ndogo lakini nyingi, huenda ikafa hifadhidata, ikiwa ndiyo inayokula nyingi, na karani anayepokea maziwa, ambaye hakuomba ripoti yoyote, atabaki na foleni ya wakulima na mitungi yao. Ukinunua gigabaiti 8, wanachama wakiongezeka mtarudi pale pale.

Mhasibu akitaka jumla ikae juu kabisa, iulize hifadhidata kwa SUM, amri yake ya kujumlisha, kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Na wanaolalamika kwamba wamejaribu write_only isisaidie, mara nyingi wameshavuta miamala yote kwenye orodha moja kabla ya append() ya kwanza. Kwenye Django, mfumo wa Python wa kujengea programu za wavuti, dawa yake ni iterator(), inayopitia miamala bila kuiweka yote kwenye orodha.