Kipindupindu hakisubiri majibu ya maabara

Mtu mzima aliyeishiwa maji kwa kipindupindu anaweza kufa ndani ya saa chache. Ndiyo maana nasema mlipuko ukiingia Tanga, mambo yataamuliwa kwenye zahanati atakayofikishwa mgonjwa wa kwanza, iwe Tongoni, Mabokweni au Ngamiani. Mkutano wa dharura utakuja baadaye. Na njia za kuuingiza tunazo: mpaka wa Horohoro, vyombo vya Pemba, na masika yanayosomba uchafu wa vyoo vya shimo hadi visimani.

Kuna lengo la kimataifa linaloitwa 7-1-7: siku 7 kuugundua mlipuko, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo za kuudhibiti. Kwa kipindupindu, siku 7 za kugundua ni nyingi mno. Dalili hujitokeza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo kabla wiki haijaisha kundi la pili limeshaanza kuhara.

Siku hizo hupotea wapi? Duka la dawa. Mtu akianza kuhara hukimbilia hapo, hupewa vidonge, huondoka, na jina la mtaa wake haliandikwi popote. Kila duka liwe na daftari lenye safu tatu tu: umri, mtaa, siku alipoanza kuhara. Wakifika wawili wa mtaa mmoja ndani ya wiki moja, wenye umri wa miaka 2 na kuendelea, wanaohara majimaji kama maji ya mchele, muuzaji apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, na amjulishe mganga wa zahanati siku hiyohiyo.

Zahanati nayo ichukue sampuli ya kinyesi kabla ya kumpa mgonjwa antibayotiki, maana dawa huwaua vijidudu ambavyo maabara inavitafuta. Kijiti kilichochovywa kwenye kinyesi kiingizwe kwenye chupa ya Cary-Blair, yaani jeli inayovihifadhi vijidudu hai hadi maabara, na kibaki kwenye joto la kawaida. Wengi hukiweka kwenye barafu kwa nia njema, na baridi huvidhoofisha vijidudu hivyo.

Matibabu yasingoje majibu. Mgonjwa wa kilo 60 aliyekaukiwa vibaya huhitaji lita 6 za Ringer, dripu ya maji yenye chumvichumvi ya kuingizwa mshipani, ndani ya saa 3: lita 1.8 katika nusu saa ya kwanza, zilizobaki katika saa mbili na nusu. Hizo ni chupa 12 za nusu lita kwa mtu mmoja! Zahanati yenye chupa 10 stoo haijajiandaa hata kwa mgonjwa mmoja. Anayeweza kunywa apewe ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, tena bila kupimiwa kwa uchoyo.

Klorini ya unga ya asilimia 70 ndiyo inayotuangusha kimyakimya. Dawa ya sakafu na vitanda, ya asilimia 0.5, hutaka gramu 145 hivi kwa ndoo ya lita 20. Ya kunawa mikono, asilimia 0.05, hutaka gramu 15 hivi. Lakini kopo likiachwa wazi kwenye joto na unyevu wetu wa pwani, nguvu hupungua na vipimo hivyo havifai tena. Kopo liwe la plastiki, lifungwe kabisa, na mchanganyiko ukorogwe upya kila siku.

Halafu kuna nauli ya kupeleka sampuli maabara. Mganga wa zahanati apewe fedha taslimu mapema, aruhusiwe kuzitumia bila kibali, ili bodaboda aondoke na chupa ile asubuhi ileile ilipojazwa.