Ng'ombe Mmoja, Mihula Sita

Jumamosi iliyopita mama mmoja anayewauzia chakula madereva wa malori hapa Malaba, upande wa Uganda, alinijia nyumbani akiwa na barua iliyokunjwa mara nne na kufungwa ndani ya leso. Binti yake, niliyemfundisha Kiswahili tangu kidato cha kwanza hadi cha sita, ameitwa chuo kikuu kusomea ualimu wa Kiswahili. Barua yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yetu, na mama huyu, ambaye Kiswahili chake kingewaaibisha baadhi ya walimu wenzangu, hakuweza kuisoma. Akaniuliza: "Mwalimu, hii karatasi inakubali au inakataa?"

Niliisoma mara mbili kabla ya kumjibu. Ukurasa wa kwanza unampongeza binti. Wa pili unaorodhesha karo, kisha ada ya usajili, ya maktaba, ya mitihani, ya kitambulisho, ya matibabu na ya chama cha wanafunzi, na kueleza kwa herufi nzito kwamba nafasi aliyopewa ni ya kujilipia. "Inakubali, mama, lakini..." nilianza, naye hakuningoja nimalize. Neno "lakini" likitoka kinywani mwa mtu aliyeshika karatasi ya serikali, analifahamu vizuri kuliko mimi.

Hasira yangu ilianzia hapo, na haijapoa. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Siku chache baadaye, tarehe 7, Siku ya Kiswahili Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza, na waheshimiwa ambao hawajawahi kukamilisha sentensi moja ya Kiswahili bila kuchungulia karatasi walisimama kutuambia kwamba lugha hii ndiyo itakayoiunganisha Afrika Mashariki. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulikuwa umekwisha kukifanya somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili tangu mwaka 2020. Katiba nayo ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Kwa karatasi, basi, sisi ni matajiri. Anayepaswa kuingia darasani na chaki ndiye asiyeonekana katika hesabu ya mtu yeyote.

Tazameni namna mlango ulivyofungwa kwa binti huyu. Udhamini wa serikali katika vyuo vikuu vya umma ni wa wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya nafasi hizo hupewa kozi za sayansi. Zile chache za sanaa zinagombaniwa kwa pointi za mtihani wa kidato cha sita, na katika kugombania pointi mtoto wa Malaba anashindana na mtoto wa shule za bweni za Wakiso na Mukono, wilaya zilizo jirani na Kampala, ambaye wazazi wake wamelipa kwa muhula mmoja wa sekondari kiasi kinachokaribia, na mara nyingine kinachopita, karo ya muhula wa chuo kikuu. Waliozoea kulipa ndio wanaosomeshwa bure; asiyewahi kuwa nacho ndiye anayeletewa ankara. Mgao wa wilaya, yaani nafasi za udhamini zinazotengewa kila wilaya, ulibuniwa ili kupunguza uonevu huo, na sikatai kwamba umewainua wengine, ingawa malalamiko kwamba watoto waliosomea karibu na Kampala wanakumbuka wilaya za babu zao siku ya kujaza fomu hayajawahi kwisha. Binti wetu aliongezewa pointi 1.5 ambazo wasichana wamekuwa wakiongezewa tangu mwaka 1990. Ahsante. Hazikutosha.

Bado kuna mkopo, mtaniambia. Sheria ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwakopesha wanafunzi wa elimu ya juu, na nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi kwa dhati, maana ni heri deni kuliko kukaa nyumbani. Lakini orodha ya kozi zinazokopeshewa imeegemea sayansi na teknolojia, na hata anayefanikiwa kuupata mkopo analipiwa karo na ada za chuo, si kitanda cha hosteli wala sahani ya chakula. Nilimweleza mama hivyo, naye akauliza kama Kiswahili si elimu. Nilikuna kichwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba nchi inahitaji madaktari na wahandisi, na kwamba fedha za umma hazina chemchemi. Aliyepata pointi 20, ambazo ndizo za juu kabisa, amezitolea jasho, hata kama baba yake ana magari mawili. Ninachokikataa ni unafiki wa kulitangaza somo kuwa la lazima kwa kila mtoto wa nchi, huku anayetaka kulifundisha akihesabiwa kuwa mtu aliyejichagulia anasa. Na hata akihitimu? Mwezi ule ule wa Julai 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, nasi wa sanaa tukabaki palepale. Tuligoma mwezi Juni kabla ya hapo, mimi nikiwamo, kisha tukarudi madarasani kimya kimya kama watoto waliochapwa. Kwa hiyo serikali haimlipii aingie, haimkopeshi akiwa ndani, wala haimjali akitoka, halafu mkaguzi anafika shuleni kuuliza kwa nini kidato cha pili hakina mwalimu wa Kiswahili.

Nasi raia tusijitakase. Katika simu yangu kuna makundi matatu ya WhatsApp ya kuchangia harusi, na katika moja ahadi zilivuka milioni kumi kabla hata ya kikao cha pili. Nilipoandika humo kuhusu binti huyu, watu wanne waliweka alama ya mikono ya sala, na mmoja akauliza rangi ya sare za kamati.

Shuleni kwetu nafundisha Kiswahili peke yangu, mikondo mitatu ya kidato cha kwanza na mitatu ya kidato cha pili, wanafunzi wengine wakiwa wamekaa madirishani kwa kukosa viti. Mkuu wa shule ameniomba mara mbili mwaka huu nimtafutie mwalimu wa pili. Nilimwambia kwamba ninaye mmoja ninayemwamini, mwenye sarufi safi na moyo wa kazi, ila bado hajapata karo.

Jana mama alinipigia simu. Amemuuza ng'ombe wake wa maziwa, na fedha alizopata, pamoja na akiba ya kibanda cha chakula, zimetosha muhula wa kwanza na miezi miwili ya chumba. Aliniuliza kozi ina mihula mingapi. Nikamwambia ni sita. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza basi la asubuhi kwenda Kampala huondoka saa ngapi.