Mazoea nayo ni majaribio

Hapa Moshi, ndugu wakiambiwa kuwa mgonjwa wao anaombwa aingie kwenye utafiti, wengi hushtuka. Mgonjwa yuko kwenye oksijeni, kifua kinapanda na kushuka kwa shida, halafu anakuja daktari na karatasi ya kusaini. "Mama yetu si panya wa maabara," atasema mmoja, na wengine wataitikia. Hofu hiyo siidharau. Lakini mimi naamini kwamba, kwa mtu aliyeshindwa kupumua ghafla, wa kuogopwa zaidi ni daktari asiyepima matokeo ya kile anachokifanya kila siku.

Mapafu yanaweza kushindwa kazi ndani ya saa chache. Nimonia kali, maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, malaria kali, ajali ya bodaboda, Uviko-19: vyote hivyo vinaweza kuvijaza majimaji vile vifuko vidogo vya hewa, na oksijeni ikakosa njia ya kuingia kwenye damu. Kwa miaka mingi, mgonjwa wa namna hiyo akiwekwa kwenye mashine ya kupumulia alisukumiwa hewa nyingi, mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, ili majibu ya damu yasomeke vizuri. Wataalamu walifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Kisha madaktari watafiti wa Marekani wakachukua wagonjwa 861, wakawagawa kwa bahati nasibu: wengine mililita 12, wengine 6, kwa uzito unaokokotolewa kutokana na urefu na jinsia. Majibu yalitoka mwaka 2000. Kwenye hewa nyingi walikufa karibu 40 katika kila 100, kwenye hewa kidogo 31. Hewa ile ya ziada ilikuwa inayachana mapafu, na kila aliyeifungulia alidhani anaokoa.

Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa pale. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2013, utafiti ulioongozwa na Wafaransa ulipoonyesha kuwa kumlaza mgonjwa mahututi kifudifudi saa 16 au zaidi kwa siku kunapunguza vifo vya siku 28 kutoka karibu 33 hadi 16 katika kila 100. Na mwaka 2020 Waingereza wakaonyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei ndogo iliyokuwepo miaka yote kwenye maduka ya dawa, inapunguza vifo vya wagonjwa wa Uviko waliokuwa kwenye mashine, kutoka 41 hadi 29 katika kila 100. Mikono ya wauguzi na kidonge cha kawaida! Tofauti ilikuwa kwamba safari hii mtu aliuliza, akahesabu, akaandika.

Kwa hiyo anayekataa utafiti hajamwepusha mgonjwa wake na majaribio. Amemwacha kwenye jaribio lisilo na daftari.

Sasa, kwa nini tusisubiri majibu ya Ulaya na Marekani tukayatumia? Hapa ndipo ninapopata uchungu. Kuna kifaa rahisi kinachosukuma oksijeni puani kwa mgandamizo mdogo, ncha ya bomba lake ikitoa mapovu kwenye chupa ya maji. Mwaka 2015 watafiti wa Dhaka, Bangladesh, walitangaza kuwa kwa watoto wenye nimonia kali kifaa hicho kilipunguza vifo: 4 katika kila 100, wakati waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa 15. Habari njema. Malawi wakakijaribu kwa watoto walio hatarini zaidi, katika wodi ya hospitali ya wilaya isiyokuwa na daktari wa kuwapitia watoto kila siku. Majibu ya mwaka 2019 yalikuwa kinyume: katika kila 100, 17 walikufa kwa kifaa, 11 kwa oksijeni ya kawaida. Bila utafiti ule, vifaa vingegawiwa kwa sherehe na picha, na hakuna ambaye angejua kilichotokea wodini usiku.

Tanzania yenyewe imewahi kutoa jibu la namna hii. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa pamoja na hospitali za Kenya na Uganda katika utafiti wa watoto 3,141 waliofika na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Watoto hao, miongozo ya dunia ilitaka wapewe dripu nyingi haraka. Ilibainika mwaka 2011 kuwa walioharakishiwa maji walikufa zaidi: 10.6 kwa 7.3 katika kila 100. Watafiti walitegemea kuona faida, wakaona madhara, wakayachapisha. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Na kuhusu ridhaa, ule utafiti ulifanya jambo la kiutu. Mzazi ambaye mtoto wake anakata roho hawezi kusomewa kurasa kumi, hivyo aliombwa kwanza kukubali kwa mdomo, na maelezo kamili na saini vikafuata mtoto alipotulia. Kwetu huku mambo huwa magumu zaidi mgonjwa akiwa mtu mzima: mke yupo pembeni ya kitanda, lakini inasubiriwa kauli ya kaka mkubwa aliye Dar. Familia zizungumze mapema nani ataamua. Na daktari atakayekuja na karatasi aseme kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba kukataa hakumpunguzii mgonjwa huduma yoyote, na ajue kuwa atarudi kutueleza majibu, hata yakiwa mabaya.

Moshi ina hospitali ya KCMC, ina taasisi ya utafiti ya KCRI, ina chuo kinachofundisha madaktari. Ningependa vijana wanaosomea pale wapewe muda na fedha za kuongoza tafiti hizi wao wenyewe, si kukusanya takwimu za mgeni tu. Maswali yapo. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi kinaficha upungufu karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Na Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hata mtu mzima wa afya husoma chini kidogo kuliko wa Dar. Basi bibi wa Arusha mwenye nimonia, kidole kikisoma asilimia 91, awekewe oksijeni au asubiri? Huyo ni mgonjwa wetu, na jibu lake litafutwe kwenye wodi zetu.