Msaada wa Bure Usiwe na Masharti

Mtu aliyefanyiwa ukatili wa kingono atibiwe kwanza, maswali yafuate. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu bado kuna vituo vya afya ambako mtu anafika akiwa hajalala, nguo ni zilezile za jana, halafu anaambiwa alete karatasi ya polisi ndipo ahudumiwe. Anazungushwa, anachoka, anarudi nyumbani. Saa nazo hazimsubiri anayetafuta karatasi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72 tangu tukio, kisha humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kusaidia hadi siku ya 5, ingawa kadiri mtu anavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Kumfungia mtu mlango katika saa hizo ni kumuumiza mara ya pili.

Kwa hiyo ninaposema msaada wa bure sifikirii pesa peke yake. Kuna masharti ambayo ni ghali kuliko pesa: kwanza ushtaki, kwanza usimulie yote, kwanza usamehe, kwanza uje na mumeo. Aliyebakwa amenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake. Anayekuja kumsaidia akianza kumwamulia, hata kwa nia njema, anaendeleza unyang'anyi uleule.

Ndiyo maana nazithamini sana simu za msaada zisizotoza malipo. Nyingi hazimlazimishi mtu kutaja jina, na baadhi zinapokea ujumbe wa maandishi, jambo linalomfaa yule ambaye sauti haitoki au anayeishi chumba kimoja na watu wengine. Unaruhusiwa kukata katikati na kupiga tena kesho. Pia una haki ya kuuliza kabla hujaeleza chochote: je, mazungumzo haya yanarekodiwa? Ni mambo gani nikiyasema mtalazimika kuyapeleka kwa wengine? Katika nchi nyingi sheria inawataka wanaopokea simu hizo watoe taarifa ikiwa aliyeumizwa ni mtoto. Mnasihi mzuri atakujibu bila kuona umemkosea.

Sasa nije kwenye kujisaidia mwenyewe, jambo ambalo wengi hulidharau. Wapo wanaosema mazoezi ya kupumua na kuandika daftarini ni mambo ya kupoteza muda, eti mtu aende kwa mtaalamu tu. Mtaalamu yuko wapi saa nane za usiku? Fikiria mtu ameamka ghafla, jasho linamtoka, moyo unadunda, na mwili unaamini kabisa kwamba lile jambo linatokea tena. Anakaa kitandani, anabandika nyayo zote mbili sakafuni na kusikia ubaridi wake. Anataja kwa sauti vitu vitano anavyoviona: dirisha, kiti, kanga, ndoo, taa. Kisha vinne anavyoweza kuvigusa, vitatu anavyovisikia, viwili anavyovinusa, kimoja anachoonja. Anavuta pumzi, anaitoa taratibu kuliko alivyoivuta. Anajiambia leo ni siku gani na yuko wapi. Kiwewe hakitaisha usiku huo, lakini mwili unapata habari kwamba hatari haipo hapa, na pengine usingizi unarudi.

Na si ubunifu wa mitaani. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha, pamoja na sauti zilizorekodiwa, kinachofundisha mbinu za aina hii, na kupakua hakulipiwi. Mafunzo hayohayo yalijaribiwa kaskazini mwa Uganda, kwa wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini, kwa vikao vitano vilivyoendeshwa na watu wasio wataalamu wa afya ya akili, na msongo ulipungua. Hilo linanipa moyo kuliko hotuba nyingi nilizosikia.

Ila kuna mipaka nisiyoificha. Ukianza kuwaza kujiua, ukiwa na jeraha au unatoka damu, au kama aliyekutenda bado mnalala nyumba moja, daftari halitoshi. Hapo anahitajika mtu. Na kama simu yako hushikwa na wengine, futa historia ya ulichotafuta, au tumia simu ya unayemwamini.

Jambo moja la ushahidi: ukiweza, usioge kwanza, na nguo uziweke kwenye mfuko wa karatasi, maana wa plastiki hutunza unyevu na kuziharibu. Kama umeshaoga, nenda hivyohivyo. Matibabu hayategemei hilo, na kwenda hospitali si kuahidi kwamba utashtaki.

Vikundi vya manusura navyo ni vya bure mara nyingi, na vina kitu ambacho hata mnasihi aliyebobea hana: mtu anayekwambia "na mimi nilikufa ganzi, sikupiga kelele," nawe unaelewa kwamba kuganda ni mwili kujilinda, wala si kukubali. Kikundi kizuri hakimlazimishi mtu kusimulia. Ukiona wanakubana uongee siku ya kwanza, ondoka bila kuomba radhi. Wanaume nao wapo, wanabakwa na kunyamaza, na simu inayomcheka mwanaume aliyepiga inastahili kufungwa.

Kwa ndugu na marafiki ninaomba machache. Usiulize alivaa nini wala alifuata nini huko. Mwambie: nakuamini, si kosa lako, unataka tufanye nini sasa? Akijibu kwamba hataki lolote leo, mkubalie, ila mweleze zile saa 72 ili ajue. Akisema twende, beba nauli, maji na nguo za kubadilisha, kaa naye kwenye foleni, na akiitwa ndani muulize yeye kama anataka uingie.