Wikendi za kutazama ndege: zitafaa Tshangalele?

Desemba na Januari, sisi wa Lubumbashi tukiwa tunakimbia mvua, Ulaya kuna watu wanaolipa ili wakasimame kwenye baridi kali, ukingoni mwa tope, watazame ndege. Safari hizo hupangwa mapema: Ijumaa watu wanafika, Jumamosi alfajiri kiongozi anawapeleka mahali mto unapoingia baharini, Jumapili jioni wanarudi makwao. Marafiki wawili wa hapa mjini wanataka kuanzisha kitu kama hicho kwenye ziwa Tshangalele, upande wa mji wa Likasi, huku kwetu Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, na wameniuliza naonaje. Naunga mkono, lakini si kwa namna wanavyoipanga. Sababu yangu kubwa iko kwenye maji yenyewe.

Tuanzie huko wanakoiga. Pale The Wash, mashariki mwa Uingereza, bahari hupwa na kuacha tope la kilomita nyingi, lililojaa minyoo, konokono na chaza wadogo. Laki kadhaa za ndege hushuka hapo kutoka kaskazini ya mbali kuja kula majira ya baridi. Mwanga wa mchana hauzidi sana saa nane. Maji yakijaa, tope linafunikwa na ndege hawana tena pa kula, basi wanainuka kwa maelfu na kwenda kutua wamebanana kwenye mabwawa nyuma ya ufuo, karibu kabisa na vibanda walimojificha watazamaji. Ndiyo maana kiongozi wa huko huanza kwa kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa. Hakuna anayemfuata ndege. Bahari inamleta.

Lawama zipo hata huko, na ni za haki. Saa nzuri ya kutazama ndiyo saa ya ndege kupumzika. Kitwitwi, ndege mdogo wa matopeni, anayerushwa mara tano asubuhi moja anachoma mafuta aliyoyakusanya kwa taabu, na usiku wa baridi mafuta hayo ndiyo uhai wake. Mbwa mmoja aliyeachiliwa anatosha kuharibu. Kisha kuna mafua ya ndege: majira ya baridi ya 2021 hadi 2022 yaliua karibu theluthi moja ya mabata bukini wanaotoka visiwa vya Svalbard, kaskazini ya mbali, kuja kukaa Solway, kati ya Uskoti na England. Mahali ndege wamerundikana hivyo, kuongeza miguu ya watu si jambo dogo.

Wanaozitetea safari hizi hutaja fedha kwanza. Mimi naona faida kubwa zaidi ni macho. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, inayofanyika kila Januari, ilianza 1967, na inategemea sana watu wa kujitolea. Huwezi kumhesabu ndege usiyemtambua, na watu hujifunza kutambua wakiwa na mwenye kujua pembeni, anayewaambia watazame mdomo, miguu, namna anavyokimbia.

Sasa Tshangalele. Ziwa hili lilitokana na bwawa la umeme la Mwadingusha, lililokamilika 1930 kwenye mto Lufira. UNESCO iliitambua Lufira kuwa hifadhi ya mazingira hai mwaka 1982, na tangu 2017 bonde la mto huo limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Lina pia ndege wake: mnana mdogo wa manjano mwenye uso mweusi, anayejulikana kutoka Katanga tu. Mtaalamu Mbelgiji Jean-Claude Ruwet alimpata mmoja mwaka 1960, akatangazwa kuwa aina mpya 1982, na hakuonekana tena na wanasayansi mpaka 2009. Wavuvi, bila shaka, walikuwa wakimwona siku zote.

Nilienda huko Februari moja. Mvuvi aliyenipeleka aliinua kasia, mtumbwi ukatulia kando ya vichaka vinavyosimama ndani ya maji. Kiota kilining'inia juu ya maji, kwa kimo kisichofika hata urefu wa mkono wangu, na majani yake yalikuwa bado mabichi. Nilitaka kusogea nipige picha. Akaniambia kwa sauti ya chini: «Mama, hapa tunasimama. Tukiendelea, wataruka wote.»

Hapo ndipo mpango wa marafiki zangu unaponitia wasiwasi. Tshangalele hakuna maji ya kujaa na kupwa yatakayomsukuma ndege aje kwetu. Ni sisi tutakaomfuata kwa mtumbwi, mpaka penye viota, na msimu huohuo wa mvua ambao vitwitwi na mbayuwayu wa Ulaya wako kwetu ndio mnana anaolea vifaranga. Kuiga ratiba ya The Wash bila bahari yake ni kupeleka kelele kitandani mwa mzazi.

Kuna wanaosema watu wanatafuta bukari, yaani ugali, ndege watawasaidia nini. Siwapuuzi. Familia za pale zinaishi kwa samaki, na ziwa linapokea maji yanayopita kwenye migodi na viwanda vya Likasi. Utafiti uliochapishwa 2010 ulipima shaba, kobalti na metali nyingine katika viumbe wa Lufira ya juu. Lakini hilo kwangu ni sababu ya kwenda. Mahali pasipo na wageni wenye daftari, sumu huingia kimya. Watu wanaorudi kila Januari na kuandika walichokiona ni mashahidi, na ndege wakipungua, mtu atauliza kwa nini.

Kwa hiyo nimewaandikia marafiki zangu hivi. Anzeni na watu sita, si ishirini. Jengeni kibanda cha matete ufukweni, watu wakae humo wangoje. Mtumbwi uende kwa kasia, bila injini, na anayeamua unasimama wapi awe mvuvi. Alipwe sawa na mwenye gari la kutoka Lubumbashi, na alipwe hata siku atakaposema leo hatuendi. Wamekubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Bado tunabishana.