Chakula dawa: kwenye daftari gani?

Vituoni wanaiita chakula dawa, na jina hilo peke yake limebeba mabishano yote: iandikwe kwenye daftari la chakula au la dawa? Ni pakiti ya gramu 92: njugu zilizosagwa laini, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, jumla kalori 500. Haipikwi wala haitiwi maji. Mama anakata pembe, mtoto mwenye utapiamlo mkali anafyonza, pakiti mbili au tatu kwa siku kufuatana na uzito wake.

Mwaka 2022 Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kilipitisha mwongozo wa pakiti hii. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Kitu kimoja, madaftari mawili.

Wanaotaka iwe dawa wana hoja nzito. Dawa muhimu ni rahisi zaidi kuitengea fungu na kuiweka bohari, na ikikosekana yupo wa kuulizwa. Chakula cha msaada huja na mfadhili, akiondoka kinaondoka naye. Halafu kuna sinia. Huku Pemba watoto wanakula pamoja, na anayekula peke yake tunamwona mchoyo. Nilikuwepo nesi wa makamo alipomuuliza mama mmoja mbona pakiti zimekwisha upesi. Mama akainama: "Nduguze wanamtizama. Nitampaje yeye tu?" Nesi hakumgombeza. "Hii dawa yake, mwanangu. Dawa ya kikohozi ungewagaia?"

Jibu lile lilinikaa, na kituoni naliunga mkono mpaka leo. Kiwandani siliungi. Hatari kubwa ya njugu ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na ya maziwa ya unga ni vijidudu. Hayo ni mambo ya mkaguzi wa chakula. Ukimtaka msagaji wa njugu wa Afrika Mashariki asajiliwe kama mtengenezaji wa vidonge, umemfungia mlango, nasi tutabaki kungoja meli. Kosa la upande wa pili nalo lipo: chakula kikiachwa chakula tu, kila kopo la unga wa kuwapa wazee nguvu litajiita la tiba. Kiwango cha Codex cha 1991 kinataka vyakula vya tiba viandikwe kwamba vitumike chini ya uangalizi wa daktari. Maandishi hayo yasilegezwe.

Bara, tangu 2019, chakula kimehamia TBS, shirika la viwango, na dawa zimebaki TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwetu Zanzibar Wakala wa Chakula na Dawa unashika vyote viwili, kwa hiyo hatuna haja ya kuchagua daftari moja. Kiwandani ikaguliwe kama chakula. Bohari, kwenye bajeti na mkononi mwa nesi, iwe dawa, tena yenye mwisho: utepe wa kupimia unene wa mkono ulioanza kwenye nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ukishafika 12.5 na kubaki hapo, pakiti zinasita na mtoto anarudi kwenye sinia na nduguze.