Nerses Nalbandian na muziki wa Ethiopia: mgeni alijenga au alifunika?

Mwaka 1924 Ras Tafari Makonnen, ambaye bado hajaitwa Haile Selassie, alisafiri kwenda Ulaya na kupitia Yerusalemu. Kule, kwenye mtaa wa Waarmenia, akasikia bendi ya matarumbeta ya wavulana arobaini. Wote walikuwa yatima. Wazazi wao waliangamia katika mauaji ya kimbari ambayo dola ya Uthmaniya iliwafanyia Waarmenia kuanzia 1915. Ras Tafari akavutiwa nao, akawaombea ruhusa kwa Patriaki wa Kiarmenia, na Septemba mwaka huohuo wakaingia Addis Ababa pamoja na kiongozi wao wa muziki, Kevork Nalbandian. Wenyeji wakawaita Arba Lijoch, yaani watoto arobaini. Sikio la Mswahili linaitambua hiyo "arba" mara moja, maana ni ndugu wa arobaini yetu.

Hapo ndipo ulipoanzia ubishi ambao wapenzi wa muziki wa Ethiopia hawajaumaliza hadi leo. Wapo wanaosema ukoo wa Nalbandian, yaani Kevork na hasa Nerses, mtoto wa ndugu yake, ndio uliouzaa muziki wa kisasa wa nchi ile. Wengine wanaona ni kuwavunjia heshima Waethiopia kumpa mgeni sifa hiyo, tena mgeni aliyeletwa na ikulu na kulipwa na ikulu. Nimesikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na kila upande una jambo ambalo ule mwingine unalipita haraka mno.

Nianze na Kevork, kwa sababu kesi yake ni nyepesi zaidi. Mwaka 1926 alitunga muziki uliojulikana kama Marsh Teferi, na maneno yakaandikwa na mshairi wa Kiethiopia, Yoftahe Negussie. Ulipigwa siku Haile Selassie alipotawazwa, tarehe 2 Novemba 1930, ukabaki wimbo wa taifa mpaka alipopinduliwa mwaka 1974. Kwa miaka 44 Ethiopia, nchi ambayo Waafrika wengi waliitazama kama kielelezo cha uhuru, ilisimama wima kwa sauti iliyotungwa na mkimbizi kutoka Aintab, mji ambao leo ni Gaziantep nchini Uturuki.

Je, ni aibu? Sisi Watanzania hatuna mdomo wa kumsuta mtu hapa. Sauti ya Mungu ibariki Afrika ilitungwa na Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, mwaka 1897, na hakuna anayeiona ya kigeni anapoiimba uwanjani. Lakini wanaomkosoa Kevork wana jibu, na ni jibu zito. Wimbo wa Sontonga ulitembea kwanza midomoni mwa watu, makanisani na kwenye mikutano ya wapigania haki, ndipo serikali zikaupokea. Marsh Teferi ulishuka kutoka juu. Jina lake lenyewe ni la mtawala. Kwa hiyo mapinduzi yalipokuja ulitupwa pamoja na kiti cha enzi, na mwaka uliofuata nchi ikapata wimbo mwingine. Hapo nakubaliana nao, ingawa lawama yenyewe naona inaiangukia ikulu kuliko mtunzi.

Kesi ya Nerses ndiyo ngumu, na ndiyo inayonigusa.

Alizaliwa Aintab mwaka 1915, mwaka uleule Waarmenia wa mji huo walipoanza kufukuzwa. Alilelewa Aleppo, Syria, akaenda Ethiopia mwishoni mwa miaka ya 1930, nchi ikiwa bado chini ya Waitalia. Baada ya Waitalia kuondolewa mwaka 1941, aliongoza bendi ya Manispaa ya Addis Ababa, kisha okestra ya Jumba la Maonyesho la Haile Selassie wa Kwanza, lililofunguliwa mwaka 1955 katika kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa mfalme. Alitunga, alipanga sauti, alisimama mbele ya okestra, alifundisha vijana kusoma nota. Akapata uraia wa Ethiopia. Alifia Addis Ababa mwaka 1977.

Wanaomsifu husema yeye ndiye aliyewafundisha Waethiopia kupiga muziki wa sauti nyingi kwa pamoja. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini uzito wake hauonekani mpaka uguse kinanda. Muziki wa jadi wa nyanda za juu za Ethiopia hutembea kwa mstari mmoja. Mwimbaji anaimba, na masinko, ambayo ni zeze la uzi mmoja, inamfuata na kumpamba, kila mmoja akiwa kwenye wimbo uleule. Nyimbo hizo zimejengwa juu ya ngazi za sauti tano ziitwazo kignit, na nne kati yake ndizo zinazotajwa zaidi: tizita, bati, ambassel na anchihoye.

Ukichukua tizita ya kawaida, utapata do, re, mi, so, la. Mwanakwaya yeyote wa kwetu atajisikia nyumbani. Do ina mi yake na so yake juu, basi sauti ya pili, ya tatu na ya nne zinapata pa kukaa bila ugomvi. Sasa jaribu anchihoye. Bonyeza C, ambayo hapa ndiyo do, kisha ile nyeusi inayoifuata, kisha F, kisha nyeusi inayoifuata, kisha A. Nimeimba sauti ya tatu kwaya tangu nikiwa kijana, na siku ya kwanza nilipoipiga ngazi hii kwenye kinanda nilidhani nimekosea kidole. Do iko pale, lakini haina mi. Haina so. Ukitaka kuipangia sauti kwa njia tuliyofundishwa kanisani, kitu kinachokubali haraka zaidi ni F, A na C. Na ukiyafuata hayo, wimbo unahama nyumba. Uliokuwa unatulia kwenye do sasa unatulia kwenye fa. Maneno ni yaleyale, sauti ni zilezile, lakini mzee aliyeuimba wimbo huo maisha yake yote atakuambia huu si wake.

Hiyo ndiyo hoja bora ya wanaolalamika, na wengi wao hawaifikishi mpaka huku. Husema tu "muziki ulifanywa wa Kizungu" wakaishia hapo. Hatari yenyewe ilikuwa ya kiufundi kabisa: vyombo vya shaba na kinanda vina sauti zilizokatwa kwa vipimo, wakati mpiga masinko huteleza kati ya sauti na sauti, na utamu wenyewe uko kwenye ule mtelezo. Azmari, yule mwimbaji wa jadi anayetunga papo kwa papo na kumsema mkubwa kwa mafumbo, hawezi kuandikwa kwenye karatasi ya nota akabaki mzima. Na wakati okestra za serikali zikivalishwa sare na kupewa jumba zuri la maonyesho, azmari alibaki kilabuni akisubiri noti ya kubandikwa kwenye paji la uso. Mgawanyo huo wa heshima ulikuwa na gharama, na sioni sababu ya kuuficha.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo upande huo wa walalamikaji unalisahau, nalo kwangu ndilo linaloamua. Nerses hakuwa Mzungu aliyekuja na kitabu cha Vienna mkononi. Alitoka kwa watu ambao muziki wao wa jadi, wa kanisani na wa kijijini, ulikuwa nao wa mstari mmoja. Kizazi kimoja kabla yake, Waarmenia walikuwa wamepambana na swali hilohilo. Padri Komitas, aliyezaliwa mwaka 1869 na kusomea muziki Berlin, alizunguka vijijini akikusanya nyimbo za wakulima, kisha akatafuta namna ya kuziongezea sauti bila kuzivunja mgongo. Alikamatwa Istanbul Aprili 1915 pamoja na wasomi wenzake. Aliokoka, lakini akili yake haikupona, akafa Paris mwaka 1935. Kwa Waarmenia waliotawanyika, kupanga sauti kulikuwa njia ya kubeba kijiji ambacho hakipo tena. Mtu aliyekulia ndani ya jeraha hilo anausogelea wimbo wa watu wengine kwa mkono tofauti. Ndivyo ninavyoamini, na nikisikiliza kazi za Nerses nauona mkono huo. Alitunga na kupanga ndani ya kignit. Hakuwalazimisha Waethiopia kuziacha ngazi zao ili wapate okestra.

Isitoshe, Waarmenia hawakuwa wageni wa aina ya Waitalia. Kanisa lao na Kanisa la Ethiopia yote yalilikataa baraza la maaskofu la Kalkedoni la mwaka 451, na watawa wa pande zote wameishi jirani Yerusalemu kwa karne nyingi. Si ajabu kwamba Ras Tafari alikutana na bendi ile kule kule. Lakini ukaribu huo una mipaka yake. Baada ya mapinduzi, serikali ya kijeshi ilitaifisha mali na Waarmenia wengi wakaondoka. Jumuiya iliyokuwa na watu zaidi ya elfu moja leo haifiki hata mia. Nerses alikufa palepale Addis, katika miaka ya Ugaidi Mwekundu, serikali hiyo ilipokuwa ikiwaua wapinzani wake, wakati amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa imeua kumbi za muziki alizosaidia kuzijaza.

Tatizo langu na mashabiki wake ni lile neno "baba". Matarumbeta yalishafika Ethiopia kabla ya Nalbandian yeyote. Tsar Nicholas wa Pili wa Urusi alimpelekea Menelik, mfalme wa Ethiopia, vyombo vya shaba baada ya ushindi wa Adwa dhidi ya Waitalia mwaka 1896. Na mpangaji wa sauti bila mwimbaji ana karatasi tu. Mwimbaji mashuhuri Tilahun Gessesse na wenzake hawakufundishwa na mtu yeyote ule mtetemo wa koo unaomfanya Mhabeshi alie. Walikuja nao. Ukisema muziki huu ulizaliwa na Nerses, umewafuta watu waliouimba. Ukisema Nerses aliuharibu, umewafuta vilevile, kwa sababu umewafanya wawe vikaragosi waliokubali kila walichopewa, na mtu aliyewasikia wakiimba hawezi kuamini hivyo.

Kuna pia suala la santuri, ambalo linaeleza kwa nini jina lake halivumi. Kwa miaka mingi serikali ya kifalme ilishikilia peke yake biashara ya santuri, mpaka kijana Amha Eshete alipoikaidi mwaka 1969 na kuanza kuzitoa mwenyewe. Kazi kubwa ya Nerses ilifanyika kabla ya hapo, jukwaani, mbele ya waliokuwepo. Mulatu Astatke, aliyesomea Boston na kurudi na jazi yake ya Kiethiopia, alikuta mlango umefunguka, santuri zake zikaenda mbali, na dunia ikamtambua. Anastahili. Lakini dunia humkumbuka aliyerekodiwa, na aliyefundisha wapigaji kusoma nota miaka 20 kabla anabaki kwenye masanduku ya karatasi nyumbani kwa familia yake. Bendi ya Either/Orchestra ya Boston imezitoa nota zake na kuzipiga tena, nami nimefurahi sana kuzisikia, ingawa ningependa zaidi zisikike Addis mara kwa mara, zikipigwa na vijana wa Addis.

Kama ningeulizwa niandike nini kwenye kibao cha ukumbi wake wa zamani, ningeandika "mpangaji wa sauti na mwalimu", na chini yake majina ya waimbaji na wapigaji wote wanaojulikana. Na pale penye Marsh Teferi ningeliweka jina la Yoftahe Negussie sawa na la Kevork, kwa herufi za ukubwa uleule.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye kinanda cha kanisani baada ya mazoezi, wenzangu wakiwa wameshaondoka. Nikapiga anchihoye polepole, nikajaribu kuipatia sauti ya tatu. Nilikwama palepale, kwenye ile do isiyo na mi wala so. Niliijaribu mpaka mlinzi akaja kuzima taa.